Vigingi Vyeusi vya Theta

Magdalene Wakonyo hakuweza kukipita kitu chenye njaa akakiacha hivyo hivyo. Ndiyo tabia aliyozaliwa nayo, na ndiyo iliyomponza. Mbwa wa shamba zima, wale waliofukuzwa kwa mawe na kila mtu, walijua mlango wake. Mbuzi mchanga aliyekataliwa na mamaye alipelekwa kwa Wakonyo akanyweshwa uji. Hata wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya Mau Mau, watu walipoanza kula wakiwa wamejifungia, yeye alikula mlango wazi. Jirani yake Wilkister, mke wa nyapara Jared Opiyo, mwanamke aliyetoka Nyanza na kicheko chake chote, alimtania kila mara: "Wewe, Mama Gichuru, siku moja mwizi atakuja kwako, umpe uji kwanza ndio upige nduru." Wakonyo alijibu kwamba hiyo ni busara tupu, kwa sababu mwizi aliyeshiba hukimbia polepole.

Waliishi kwenye laini za wafanyakazi, vyumba vilivyopangwa kwa mstari, katika shamba kubwa la kahawa la mzungu kando ya mto Theta, ukitoka Ruiru unaelekea Thika. Asubuhi wanawake walishika mistari ya mibuni, viondo mgongoni, ukanda kichwani. Wakonyo alikuwa hodari wa kuchuma. Vidole vilikwenda kwenye tawi bila yeye kuvitazama, mdomo nao ukiendelea na masimulizi, na wanawake wa mistari ya karibu walipunguza mwendo ili wasipitwe na maneno.

Masimulizi yalikatika mwaka wa hamsini na nne. Mume wake, Kang'ethe, alikuwa mpishi Nairobi, na siku jiji lilipozingirwa na askari alipakiwa kwenye lori pamoja na maelfu wengine akapelekwa kambini, nchi za joto. Huko watu walichambuliwa kama maharagwe. Walioonekana safi waliitwa weupe, waliotiliwa shaka wakaitwa kijivu, na wale waliosemekana kuwa wamekula kiapo mpaka kikaingia mifupani waliitwa weusi. Kila mwanamke wa Kikuyu wa miaka ile aliijua elimu hiyo ya rangi kuliko alivyozijua Zaburi. Mweupe hurudi nyumbani. Wa kijivu husubiri. Mweusi hupunguziwa chakula na kuongezewa kazi mpaka abadilike rangi, au mpaka aishe. Kang'ethe aliwekwa kwa weusi. Mtu wa laini aliyeachiliwa ndiye aliyeleta habari ya kifo chake, na Wakonyo alipomuuliza alikuwa na hali gani siku za mwisho, mtu yule alitazama chini akasema, "Alikuwa amekonda." Hakupata maiti, hakupata kaburi. Alipata neno hilo moja, na alilala nalo.

Akabaki na mwanawe Gerishon Gichuru. Mtoto wa kwanza, aliyechukua jina la baba mzazi wa Kang'ethe kama desturi inavyotaka, alikufa kwa surua kabla hajatambaa. Huyu wa pili alichukua jina la baba yake Wakonyo mwenyewe, na kwa hiyo, tangu akiwa mgongoni, mama yake alimwita "baba". Kijana alikuwa mrefu, mpole, mwenye kusoma. Kwenye shule ya misheni alifaulu mtihani wa mwisho vizuri sana, mpaka mwalimu mkuu akaja kwenye laini kwa baiskeli kumpa Wakonyo mkono. Kichwa cha kwenda chuo kikuu Kampala alikuwa nacho. Wa kumlipia ndiye hakuwako. Basi akarudi shambani, akashika jembe, na mama yake akawa anageuza uso kila alipoiona ile mikono ikishika jembe.

Hapo ndipo chuo na kampuni walipooana. Nasema walioana kwa sababu sioni neno jingine linalofaa. Chuo cha Kampala kilikuwa na wahadhiri wanaoujua udongo, lakini fedha za kujaribia elimu yao zilikuwa haba. Kampuni moja ya Thika, iliyochanganya mbolea ya chumvichumvi kwenye mabanda ya bati karibu na reli, ilikuwa na fedha, lakini haikuwa na mtu wa kuaminika wa kuwaambia wakulima kwamba mbolea yake inafanya kazi. Kila mmoja alikuwa na kile mwenzake alichokosa, na ndoa nyingi zimefungwa kwa sababu hafifu kuliko hiyo. Mwenye shamba akawapa kipande cha mibuni upande wa mto, kama wazee wanavyowamegea maharusi pa kujenga. Na mahari ikawa hii: vijana wawili wa hapo watakaosaidia kazi, jaribio likitoa jibu safi, kampuni itawasomesha chuoni.

Mhadhiri aliyekuja alikuwa Mzungu mwenye upara unaong'aa hata siku ya mawingu, na watu wakamwita Kihara, yaani Upara, siku hiyo hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alipiga magoti kwenye udongo akaunusa, jambo ambalo wanawake walilisimulia jioni nzima. Alimchagua Gichuru, akamchagua na kijana Mkamba aliyeitwa Kisilu, mtoto wa karani wa stesheni. Kisha akagawa kipande kile mistari kwa mistari na kuweka vigingi vilivyopakwa rangi. Mistari ya vigingi vyeupe ingetiwa mbolea ya Thika. Mistari mingine isingetiwa chochote, wala mbolea, wala samadi, wala majani ya kufunika shina. Kisilu akapewa kutunza vigingi vyeupe. Gichuru akapewa vile vingine, na vile vingine vilikuwa vyeusi.

Kihara mwenyewe sidhani alifikiria hata kidogo. Alikuwa na makopo mawili ya rangi, akayatumia. Wala vijana hawakufikiria; walikuwa na furaha. Lakini Wakonyo, aliyekuwa akipalilia kipande kile, alisimama na jembe mkononi akamwona mwanawe wa pekee akipewa nyundo na kuambiwa apigilie kigingi cheusi.

Jioni alimuuliza, huku akimpakulia irio.

"Kwa nini wewe ndiye umepewa weusi?"

"Si kitu, maitu. Mmoja wetu ilibidi avichukue."

"Na kwa nini Kisilu hakuvichukua? Babake hajawahi kufungwa. Wanajua wewe ni mtoto wa nani."

Gichuru alicheka, akaona mama hacheki, akaweka sahani chini. Alimweleza kwa uvumilivu. Mistari ile ya aina mbili haishindani. Ni kipimo. Ukitaka kujua mbolea imeleta nini, lazima uwe na miti isiyopewa, uilinganishe. "Usipojua mwenye njaa anazaa nini, maitu, utajuaje kwamba aliyeshiba amezaa kwa sababu ya chakula?"

"Mimi nimewaona wenye njaa," Wakonyo alisema. "Najua wanazaa nini."

Chakula kilikuwa kinapoa, wakala.

Haikuwa kwamba Wakonyo hakuelewa. Maneno aliyaelewa yote. Hakuyaamini tu, na katika maisha yake yeye alikuwa na sababu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona mwenye nguvu akikinyima kitu chakula kwa ajili ya elimu. Aliona kikinyimwa ili kiadhibiwe, au ili kikiri. Alidhani mwanawe ameelezwa hadithi nzuri kwa Kiingereza, akaibeba nyumbani jinsi mtoto mwema anavyobeba aibu ya mkubwa. Mwisho wa msimu watatazama, watasema mistari ya Kisilu imejaa na ya Gichuru imekauka, na Kisilu atapanda treni ya Kampala. Hivyo ndivyo alivyoyapanga kichwani, na kila alichokiona baadaye kilikaa mahali pake.

Msimu mkubwa wa kwanza ulikuja, na mistari ya vigingi vyeusi ilizaa vibaya. Matawi ya juu yalikauka ncha, majani yakawa manjano, kahawa ikawa ndogo na nyepesi mkononi. Upande wa pili Kisilu aliita watu wamsaidie kubeba. Kihara alikuja kutoka Kampala, akapita huku na huku akiguna kwa kuridhika, akampiga Gichuru begani, akasema, "Mzuri sana. Mwaka ingine moja, basi." Wakonyo, aliyekuwa mstari wa jirani, alisikia "mwaka mwingine mmoja" kama mtu anayesikia hukumu ikisomwa. Na Gichuru alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba mtoto anatabasamu.

"Wilki," alimwambia rafiki yake wakiwa mtoni wanafua, "wanamwacha mtoto wangu akauke mbele ya macho yangu."

"Ni miti ndio inakauka, Mama Gichuru. Si kijana."

"Ni kitu kimoja."

Wilkister aliikamua nguo mpaka maji yakaisha. "Hii mambo ya watu wa chuo, mimi sijui. Lakini Opiyo alisema hakuna mtu kugusa. Wacha iko vile iko."

"Wewe ungeacha?"

Wilkister alikuwa na watoto sita. Akaokota nguo nyingine akaifua.

Kabla ya mvua za masika za mwaka wa hamsini na nane, Wakonyo alianza. Nyuma ya mashine ya kumenyea kahawa kulikuwa na lundo la maganda yaliyooza yakawa meusi na laini, ambalo halikuwa na mwenyewe. Kwenye zizi la maksai kulikuwa na samadi. Majivu alikuwa nayo ya jikoni kwake. Kila asubuhi alipokwenda kupalilia, kiondo chake kilikuwa na kitu chini na nyasi juu. Mwanamke mwenye jembe akichimba chini ya mti wa kahawa, nani atamuuliza anachimba nini? Alifukua kidogo upande wa chini wa mti, akaweka konzi zake, akafunika, akakanyaga, akaenda mti wa pili. Aliisemesha ile miti. "Kula, baba," aliiambia. "Kula upesi, wasikuone." Na tangu habari ya kifo cha Kang'ethe, hizo zilikuwa asubuhi za kwanza ambazo watu walimsikia akiimba. Wale wasiojua walidhani ameokoka.

Mvua ilinyesha vizuri. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini na furaha yake pia mzazi ndiye huijua, na mwaka ule Wakonyo aliijua. Majani ya mistari ya vigingi vyeusi yaligeuka kijani kilichokolea. Maua yalitoka meupe kwenye kila kifundo. Gichuru alianza kukunja uso. Alisimama mbele ya miti yake mikono kiunoni, akaitazama kama mtu anayetazama mgeni ambaye amewahi kumwona mahali. Alimwambia Kisilu ni mvua tu. Kisilu akasema mvua imenyesha kwake pia. Mama yake alimwona akikunja uso akadhani ni mshangao wa mtu asiyezoea bahati njema. Alitamani sana kumwambia. Lakini aliona vizuri zaidi anyamaze, kijana ashinde kwanza.

Msimu mkubwa ulipofika, mistari ya vigingi vyeusi ilizaa sawasawa na mistari ya vigingi vyeupe. Pengine ilizidi.

Siku aliyokuja Kihara, alikuja pamoja na mabwana wawili wa kampuni kutoka Thika, wamevaa kofia pana na soksi ndefu. Wachumaji walikuwa mistarini. Wakonyo alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, na Wilkister alipomuuliza kwa nini amevaa kitambaa cha Jumapili kuchumia kahawa, alisema, "Leo utaona." Mabwana walipita mistari ya vigingi vyeupe, wakaingia mistari ya vigingi vyeusi, wakasimama. Mmoja alisema jambo kwa Kiingereza, kavu, fupi. Kihara akawa mwekundu mpaka utosini. Bwana yule akasema tena, na sasa hata asiyejua Kiingereza alielewa, kwa sababu alikuwa anaonyesha kidole miti isiyopewa kitu iliyojaa kuliko ile iliyolishwa mbolea yake, na alikuwa anafunga begi lake.

Wakonyo alisubiri mtu ampongeze mwanawe. Alimtazama Gichuru ili aone uso wake ukifunguka. Gichuru hakuwa akitazama miti. Alikuwa amepiga magoti chini ya mbuni mmoja, anakwangua udongo kwa vidole, na vidole vilitoka na kitu cheusi laini, na chembe za majivu, na unyasi mmoja wa samadi. Alikinusa, kama alivyofundishwa. Kisha aliinua kichwa akapitisha macho kwa wachumaji wote, mmoja baada ya mwingine, na macho yakafika kwenye kitambaa cha Jumapili yakasimama hapo.

Wakonyo aliniambia mambo mengi kabla hajafa, nami nimeyaandika kama nilivyoyasikia. Alisema hakuhitaji kuelezwa tena. Yale yote ambayo mwanawe alikuwa amemweleza jioni ile ya irio yaliingia mara moja, kwa kuuona uso wake. Ilikuwa kweli. Njaa ile ilikuwa ya elimu kweli, na yeye ndiye aliyeilisha.

Kihara naye alikuwa ameona udongo. Akasimama katikati ya mstari, akauliza kwa sauti, kwa Kiswahili chake:

"Nani naweka samadi hapa? Mimi nataka jua. Nani?"

Ndege walisikika mtoni. Kila mtu pale alijua kinachofuata. Kuharibu mali ya shamba wakati wa Hali ya Hatari, tena na mjane wa mtu aliyekufa katika kundi la weusi, haikuwa kesi ya kuonywa. Ilikuwa kunyang'anywa chumba kwenye laini, kupelekwa kijiji cha kulindwa na askari, pengine jela, na pasi ya kutembea kuandikwa alama isiyofutika. Opiyo nyapara alitazama ncha ya fimbo yake. Wilkister alishika tawi lisilo na kahawa akaendelea kulichuma.

Wakonyo alilishusha debe lake. Alifungua kinywa. Hilo aliapa mpaka mwisho, na Wilkister alishuhudia, kwamba alikuwa amefungua kinywa.

"Ni mimi, bwana," alisema Gichuru.

Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye na Kihara walizungumza Kiingereza kila siku, ili kila mtu asikie. "Niliionea miti huruma. Nikaiwekea samadi. Ni makosa yangu."

Kihara alimgeukia. "Wewe?" alisema. "Wewe nafahamu. Kazi yote wewe nafahamu!"

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini?"

Gichuru aligeuka kwa mama yake, aliyekuwa amepiga hatua mbele, akamwambia kwa Kikuyu, polepole, kama mtu anayemwambia jambo la kawaida la kazi: "Maitu, endelea kuchuma."

Na Wakonyo aliendelea kuchuma. Alimtii mwanawe aliyebeba jina la baba yake, kwa sababu hakuwahi kumkatalia baba yake neno. Wengine watasema alikuwa mwoga. Mimi sitasema hivyo, wala sitasema hakuwa. Alichuma mpaka jioni, kahawa mbivu na mbichi pamoja na majani, na Opiyo alipokuja kupima debe lake alilimimina penye malundo bila kulikagua.

Ndoa ya chuo na kampuni haikuvunjika. Ndoa za namna hiyo zina wazee wengi wa kuzisuluhisha. Mabwana wa Thika walipoambiwa kwamba kosa ni la kijana, si la mbolea, walifungua tena begi, wakakubali jaribio lianze upya kwenye kipande kingine, pale pale kando ya mto. Kisilu, ambaye hakuwa na hatia, alipelekwa Kampala bila kungoja jibu jipya. Alikuja kumuaga Gichuru, wakashikana mikono nje ya nyumba. Gichuru alifukuzwa shambani. Alikwenda Thika kutafuta kibarua, na kibarua cha kwanza kilichomwita, cha kulipwa kwa siku bila kuulizwa umetoka wapi, kilikuwa cha kubeba magunia kwenye mabanda ya bati ya kampuni ile ile. Kijana wa cheti cha misheni alikuwa sasa anaibeba mbolea kichwani. Vumbi lake lilimkaa kwenye nywele na kope, likamtia kikohozi kilichomkalia mwaka mzima.

Kila Jumapili alikuja kumwona mama yake, amemletea mkate wa dukani. Waliongea juu ya mvua, juu ya bei ya unga, juu ya watoto wa Wilkister. Jambo lile hawakuligusa. Wakonyo alingoja mwanawe amlaumu. Aliomba Mungu amlaumu, amtukane hata, kwa sababu angejua pa kuupeleka uso wake. Kijana hakumlaumu. Alikula, akakohoa, akashukuru, akarudi Thika kabla giza halijaingia. Mama alibaki na mkate ambao hakuweza kuumeza, na mbwa wa shamba wakaula.

Jaribio jipya lilipokuwa limeshika, mwaka wa hamsini na tisa, Kihara aliwakusanya wafanyakazi. Alitaka mtu mmoja wa kulinda mistari ya vigingi vyeusi, mchana kutwa, kila siku, asiingie mtu na kiondo. Hakuna aliyependa kazi hiyo. Nani anataka kukaa kutwa akitazama miti ikidhoofika? Watu walitazama chini. Mkono ulioinuka ulikuwa wa Magdalene Wakonyo.

Opiyo alimkazia macho. "Mama Gichuru, wewe unaweza kweli?"

"Naweza," alisema.

Na aliweza. Sijui nisemeje jinsi alivyoweza. Yule mwanamke wa uji na mbwa alikaa kwenye kipande kile kiangazi na mvua, akaiona miti ikigeuka manjano, akaziona ncha zikikauka, na hakuiwekea hata jani. Upepo ulipoleta majani makavu kutoka mstari wa jirani, aliyafagia kwa mikono akayatoa nje, yasije yakaoza humo yakawa chakula. Mbuzi akipotea huko, alimfukuza na kuokota mbolea yake punje kwa punje. Wilkister alipita akamkuta analia na huku anafagia, akamwambia, "Wacha basi kidogo, nani ataona?" Wakonyo akamjibu, "Hapana. Safari hii wakae njaa mpaka mwisho."

Jumapili moja, kabla ya Krismasi, Gichuru hakumkuta nyumbani. Alikuwa amefanya kazi Jumamosi mpaka jioni, amelala bandani, na alikuja na nguo zile zile za kazi. Aliambiwa mama yuko mtoni kwenye vigingi hata Jumapili. Akateremka. Alimwona ng'ambo ya mistari, mdogo kuliko alivyomkumbuka, ufagio wa matawi mkononi. Akafurahi, akaingia katikati ya vigingi vyeusi amfuate kwa njia ya mkato.

"Simama!"

Gichuru alisimama. Hakuwahi kusikia sauti hiyo ya mama yake.

"Usiingie hapa! Toka! Wewe una mbolea mwilini!"

Alijitazama. Ilikuwa kweli. Vumbi jeupe lilikuwa kwenye mabega, kwenye mikunjo ya suruali, kwenye viatu. Alirudi nyuma taratibu akikanyaga nyayo zake mwenyewe, mpaka akatoka nje ya kigingi cha mwisho. Mama yake alikuja mbio kwa njia ya pembeni, akapiga magoti pale alipokuwa amekanyaga, akaanza kukwangua udongo wa juu, unyayo baada ya unyayo, akiutia kwenye kitambaa chake cha kichwa ili autupe mbali.

"Maitu," alisema kijana. "Maitu, yatosha. Ni vumbi kidogo tu. Miti haitajua."

"Haitajua," alisema Wakonyo bila kuinua kichwa. "Na mimi nilisema hivyo hivyo, baba. Nilisema hawatajua."

Ndivyo lilivyotoka, bila kupangwa, mwaka mzima baadaye. Alikaa pale chini na udongo mapajani. "Nilidhani wanakuua," alisema. "Walimweka baba yako kwa weusi, wakamnyima. Nilikuona unapigilia kigingi. Nilidhani wanakuua wewe pia, na ni mimi niliyekuua."

Gichuru alitaka kuvuka amshike. Aliinua mguu, akautazama mguu wenyewe ulivyojaa vumbi, akaurudisha. Alisimama pale nje ya mstari, mikono ikining'inia, machozi yakichora njia kwenye ule unga mweupe wa usoni.

"Niambie neno," mama yake alisema. "Lolote."

Alikohoa kwanza. "Miti hii imekonda vizuri, maitu," alisema. "Umeitunza vizuri sana. Jibu lake litakuwa safi."

Wakonyo aliitikia kwa kichwa. Alikunja kitambaa chenye udongo, akainuka, akamwonyesha kwa mkono njia ndefu ya kuzungukia kwa juu, kupitia mistari ya vigingi vyeupe, na kijana akaifuata.